Namba Juu ya Paneli

Ulipita pale. Usibishe. Mchana kweupe ulimwona mwanamke juu ya bati akikwangua kwa kisu, ukageuza shingo kama mtu aliyeitwa upande wa pili. Basi leo utasikiliza.

Yule ni mshonaji. Mumewe alivunja mawe machimboni miaka ishirini, vumbi likamkaa kifuani. Sasa anapumua kwa mashine ya oksijeni. Nguzo za umeme ziliishia kwenye lami, mwaka ule wa mafuriko. Nilikuwepo, nikawaona wakubwa wakipigiwa makofi kwa nguzo nne. Mshonaji aliuza kiwanja cha marehemu baba yake, akanunua paneli mbili za sola na betri. Usiku betri humvusha mumewe kwa taabu mpaka kuche. Alipohangaika, hakuna ofisi iliyomjua. Taa ilipowaka, wakamwita mzalishaji wa umeme.

Kodi ya uzalishaji alilipa. Leo saa tano asubuhi mkaguzi alikuja na askari wawili na kopo la rangi nyeupe.

"Mama, kila mtambo unaandikwa namba. Tarakimu upana wa kiganja."

"Sawa, mwanangu. Andika kwa nyuma."

"Nyuma nani ataiona?"

"Na huko juu ya bati nani ataiona? Mmeajiri kunguru?"

Majirani wakaangua kicheko. Mkaguzi akafungua kopo.

"Kanuni inasema upande wa juu."

"Kanuni hiyo ni ya majenereta, baba! Hii ukiipaka rangi umeiziba pumzi."

"Sikuitunga mimi. Nami nina wakubwa wangu."

Akapanda. Tarakimu kumi na moja, paneli ya kwanza. Kumi na moja, ya pili. Aliandika vizuri, kwa mkono wa mtu aliyesoma, akaenda nyumba ya tatu.

Betri ilikuwa imekwisha usiku; haikupita saa moja, mashine ikalia mara mbili, ikazima.

"Mke wangu, mbona imenyamaza?"

"Inapumzika."

"Ikipumzika yenyewe, mimi nipumue na nani?"

Ndipo akachukua kisu akapanda. Alikuwa amefuta tarakimu tatu mkaguzi alipomwona.

"Unafuta alama ya serikali!"

Wale askari wawili wakamteremsha. Wakakata nyaya, wakazing'oa na paneli.

"Mume wangu yumo ndani, afande! Hana hewa!"

"Apelekwe hospitali."

"Na nani? Si mmenikamata mimi?"

"Utaeleza kituoni. Hizi paneli ni kielelezo cha kesi."

Gari lao likaondoka naye, paneli zimelala nyuma, zimetazama jua la saa saba, nyaya zikiburuzika vumbini.

Mzee bado yumo. Majirani wanampepea kwa kipande cha boksi, midomo imeanza kubadilika rangi. Wewe una gari. Weka kitabu chini. Nenda kamchukue, umkimbize hospitali, kisha geuza uje kituoni tumtoe mkewe. Usiniulize kibali. Washa gari!