Majani ya Lydie

Hebu niambie wewe: mkwe ambaye hata kifungo cha shati la mumewe hukuletea wewe ukishone, siku moja umkute amepiga magoti sakafuni, utepe mkononi, anapima blanketi lako la viraka na kulipiga picha, utamwacha hivihivi?

Bibi Goreth hakumwacha. Kuanzia siku hiyo kazi yake ililala ndani ya foronya, na foronya chini ya godoro lake, pale nyumbani kwao Auburn, huko ughaibuni.

Lilikuwa bado halijawa blanketi kamili, ni uso wake tu, miraba sitini na minne. Kila mraba una jicho jekundu katikati, na vipande vyembamba vya kitenge vimelizunguka kimoja baada ya kingine, kama magogo ya kibanda yanavyopandana, upande mmoja rangi za mwanga, upande wa pili rangi za giza. Alishona kwa mkono mwaka mzima na miezi minne, wala hakuficha ni la nani: ni la Ineza, mjukuu wake, anayehamia Penrith mwezi wa pili kusomea uuguzi.

Sasa kwa nini Lydie, mkwe huyo, mama yake Ineza, apige picha? Bibi aliwahi kusikia kanisani kwamba wazungu hununua kazi kama hiyo kwenye simu kabla hujafumba jicho. Halafu jioni moja akamsikia Lydie koridoni akimwambia mtu kwenye simu, kwa sauti ya chini, kwamba ndiyo, kubwa, la kitanda cha watu wawili. Kitanda cha Ineza huko bwenini ni cha mtu mmoja. Bibi akaendelea kuchambua maharage, kila punje akiigeuza mara mbili.

Jumamosi wakaenda kwa Kawira, Mkenya wa Quakers Hill, ambaye ndani ya gereji yake ana mashine ndefu kama meza ya arusi, ya kushonea uso, pamba na kitambaa cha chini vishikane. Bibi alipanga kwenda peke yake. Lydie, ametoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, macho mekundu, akasema atamsindikiza. Kwenye treni akaomba ambebee mzigo. Bibi akaupakata mpaka mwisho wa safari.

Kawira aliutandaza ule uso, akaupapasa, akasema mikono hiyo haina mchezo. Kisha akaweka juu yake plastiki inayoonyesha na kuchora kwa kalamu inayofutika, ili waone mshono utakavyokaa. Kwanza mistari iliyonyooka, ikifuata kila gogo. Akafuta. Manyoya ya ndege. Akafuta. Majani makubwa yanayotambaa toka mraba hadi mraba.

"Chagua, Shosho," akamwambia Bibi. "Lakini ujue, mishono ikikaribiana blanketi linakuwa gumu kama mkeka. Ikiachana, linakulalia mwilini."

Bibi alitaka mistari iliyonyooka, maana ingeonyesha kila kipande alichokata. Kabla hajafungua mdomo, Lydie akaweka kidole juu ya majani. Mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa hajatoa maoni hata juu ya pazia. Kumbe mnunuzi keshachagua, Bibi akawaza.

"Mama Ineza, tangu lini umekuwa fundi?"

"Si fundi, Mama. Nasema tu."

Kawira, akiona hewa imekuwa nzito, akauliza atakayelitumia ni nani. Bibi akajibu, akilitamka kila neno kwa mkazo, kwamba ni msichana wa miaka kumi na minane, mwanafunzi. Kawira akasema basi hata mistari itamfaa, wanafunzi hawajali.

"Hapana, liwe laini," Lydie akadakia. "Mtu akilala mchana, na mwanga wote ule, anataka kitu cha kujifunika mpaka kichwani."

Kalamu ya Kawira ikasimama. Ineza halali mchana. Nyumbani kwao anayelala mchana ni mmoja tu, anayerudi asubuhi watu wakitoka, akaziba dirisha kwa taulo.

Bibi akamuuliza polepole, ile simu ya kitanda cha watu wawili alikuwa anaongea na nani. Kawira ndiye aliyekohoa, akasema ni yeye. Mama huyu alimtumia picha na vipimo, akitaka atengenezewe kama hilo, naye akamjibu kwamba yeye hushonea tu, haungi viraka.

Kwao walikotoka, mkwe hamwombi mama mkwe kitu cha mkono wake, anangoja apewe. Na Bibi, aliyewashonea wajukuu wote na hata mke wa mchungaji, hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu anangoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

Lydie alikunja pembe ya ile plastiki, akaikunjua.

"La Ineza nisingeligusa, Mama. Nikiliona tu najisahau, naongea kama ni langu. Nilitaka na mimi unishonee langu."