Laini ya Baba Tausi

Jana usiku ndoto ilinirudisha kazini bila hata kuniuliza kama nataka. Nimestaafu siku nyingi, lakini nikajikuta ofisini Tabora na gauni la kulalia, na hakuna aliyeshangaa.

Ofisi ni ileile. Enzi zetu kila mkoa ulikuwa na teminali, yaani kioo na vibonye vyake, na kila teminali iliipigia simu kompyuta kubwa iliyokaa Dar es Salaam. Kazi ya kupiga ilikuwa ya modemu, kisanduku kilicholia kama kuku anayekamatwa. Mimi nilikuwa naangalia laini isikatike.

Basi natazama mezani, teminali haipo. Mahali pake amekaa mume wangu, Baba Tausi, miguu haifiki chini, waya wa simu umetokea kwenye mfuko wa shati lake.

"We Baba Tausi! Umefuata nini kazini kwangu?"

Kimya. Hilo halikunishtua. Tangu Tausi wetu aolewe Mtwara, huyu bwana hufungua mdomo kuomba chai na kuomba chumvi, basi.

"Teminali hii inakatwa," ikasema modemu. Ilikuwa inajipaka mafuta mikononi. "Sheria unaijua, mama. Ikikaa kimya mno, kompyuta inaiondoa."

"Inaipeleka wapi?"

"Haiipeleki popote. Inakuwa haipo tu."

Nikatazama vidole vya Baba Tausi. Vimeanza kufifia, nauona ukuta upande wa pili! Moyo ukanipasuka. Maisha yote nimemlalamikia mtu huyu, leo mniambie hayupo tu? Thubutu!

"Niunganishe na hiyo kompyuta, upesi."

"Tusalimiane kwanza. Bila kupeana mikono hakuna mawasiliano."

Ikanipa mkono mdogo, wa moto. Ikaniuliza habari za nyumbani, za mvua, za wagonjwa, za Mtwara. Nikaitikia njema, njema, njema, huku jicho liko kwa mume wangu.

"Na unasema kwa kasi gani, mama?"

"Kasi yangu ya kila siku."

Ikacheka mpaka taa zake zote zikawaka. "Mzee anapokea taratibu. Ukimmwagia hivyo anadaka neno moja, kumi yanaanguka chini."

Nikatazama chini. Kweli bwana, maneno yangu yamejaa sakafuni mpaka magotini, mengine ya mwaka juzi, na hayajaguswa.

Nilipoinua kichwa tumeshafika Dar, na Dar ni sebule yangu. Kompyuta ina ukubwa wa kabati. Imekaa kwenye kochi langu jipya na haijavua viatu.

"Mheshimiwa," nikaanza, "mume wangu si mkimya, ana haya tu, ni ya kwao hiyo, hata mama yake alikuwa hivyohivyo, na ukimpa nafasi..."

"Mama Tausi," ikanikatiza, "laini hii ni ya mmoja mmoja. Mmoja akisema, mwingine hawezi. Naiangalia tangu mlipooana. Hujaiachia."

"Mimi? Mimi huyu? Nimlee, nimpikie, halafu..."

"Hata sasa umeishika."

Nilikasirika, tena sana, kwa sababu ilikuwa kweli. Baba Tausi amefifia mpaka kifuani. Natamani kumwambia sema, mume wangu, sema lolote, omba hata chumvi. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Jamani, kunyamaza ni kazi! Maneno yananigonga meno yakitaka kutoka. Modemu inanitazama kwa huruma. Sasa kimebaki kichwa na kola ya shati, na machozi yananitoka.

Kichwa kikakohoa.

"Mama Tausi," kikasema, taratibu mno. "Tangu mtoto aondoke, hii nyumba..."

"Ehe?" nikadakia kwa furaha.

Laini ikakatika.

Niliamka jasho linanichuruzika. Kumekucha, jua limeshaingia dirishani. Nikapapasa upande wake wa kitanda nikiogopa kutazama. Bega lipo, zito, la moto. Nikamshukuru Mungu. Alikuwa macho, anatazama dari, uso umekunjamana kama wa mtu aliyekatizwa.

"...imekuwa kubwa mno," akasema.

Majibu yakanijaa mdomoni, la kwanza likiwa la kumtania. Nikayameza yote. Baba Tausi akasubiri kidogo, akanitupia jicho asiamini, kisha akaendelea.