Mabasi Yaliyokataa Kurudi Matupu

Jana usiku, katika usingizi ulionikuta bado nimevaa viatu, niliota basi limeegeshwa jikoni kwangu na limegoma kuondoka.

Sikushangaa. Kilichonikera ni kwamba lilikuwa limeziba jiko, na mimi nilitaka chai.

Ni basi langu, kwa namna fulani. Mimi, Mwanaidi, ndiye ninayeongoza ubunifu wa usafiri wa pamoja hapa Tanga: mabasi madogo ya umeme yenye akili, yanayojua abiria wako wapi na kuwafuata. Nimeyapigania tangu nilipokuwa injinia mchanga, watu wakinicheka waziwazi. Ugonjwa wa mabasi haya ni mmoja tu. Asubuhi yanatoka Pongwe, pembezoni mwa mji, yamejaa, yanarudi Pongwe matupu. Na asubuhi ya leo bodi, chini ya mwenyekiti wake Mzee Semboja, ilikuwa ikutane kuamua kama yazimwe kabisa. Roho yangu ilikuwa juu juu.

"Rudi Pongwe," ninaliambia basi. "Watu wanakungoja."

"Siendi," linajibu. "Pongwe wamenijaza watu, nikawaleta. Sasa unanirudisha mtupu. Nitawatazama vipi usoni?"

"Wewe ni basi."

"Na sahani ya jirani ni sahani. Bi Mwanamkasi wa mlango wa pili akikuletea futari, unamrudishia sahani yake tupu?"

Kwa malezi niliyopata, hilo halikuwa swali.

Ninachukua kopo la sukari, ninaweka kijiko kimoja juu ya kila kiti. Basi linanitazama kwa kioo cha pembeni.

"Gari zima hili, sukari ya kijiko," linasema. "Mwanaidi, unanidhalilisha."

Ninafungua mlango wa jikoni nikaombe chochote kwa jirani, na ninatokea barabara ya Pongwe, mchana kweupe. Mzee Semboja yuko katikati ya kipilefti cha njia panda, ameketi kwenye meza ya mkutano, kidole juu ya swichi. Wajumbe wa bodi wanakunywa soda.

"Umechelewa, Injinia," anasema. "Basi likipita tupu, nazima yote. Likipita limejaa, swichi haitakubali."

"Ni kweli," inasema swichi. "Mimi nina msimamo."

Nyuma yangu inakuja nguzo ya kituo cha basi, inahema. Kwenye matangazo yetu tuliandika kwamba kituo kitamfuata abiria popote alipo, na hii imefuata kweli, tangu asubuhi, kwa mguu wake mmoja.

"Hawa ninaowafuata," inasema, "hamjawahi kuniuliza wanakwenda wapi."

"Akina nani?"

Ninageuka. Kando ya barabara watu wanatembea kuelekea Pongwe: walimu wanaoishi mjini na kufundisha kule, mafundi na misumeno yao, bibi mmoja anayekwenda kumtazama mjukuu wake aliyejifungua, wanawake wenye vyano vya harusi kichwani, sinia za mbao zilizojaa maandazi. Ramani yetu yenye akili ilitafuta waendao mjini tu, kwa kuwa huko ndiko sisi wenye ofisi tunakokwenda. Nikajiona mjinga, na papo hapo furaha ikanijaa mpaka kooni.

"Jamani, mnakwenda Pongwe?" ninauliza.

"Siku zote, mwanangu," anajibu bibi. "Ila hayo magari yako yanatupita kama hayatujui."

Basi linafika, likiwa limebeba jiko langu kwa nyuma. Limesahau kuliacha.

"Hodi," anasema bibi.

"Karibu," linasema basi, na milango inafunguka.

Wanapanda wote. Mabasi mengine yanatokea uchochoroni, mengine yanatoka kwenye maduka ya vitambaa, na kila moja limejaa hadi kiti cha nyuma. Mzee Semboja anabonyeza swichi. Anabonyeza tena kwa vidole gumba vyote viwili.

"Samahani, mzee wangu," inasema swichi.

Basi langu linasimama mbele yake. "Limebaki pengo la mtu mmoja," linasema. "Nami sitaki kufika na pengo."

Mzee Semboja anatazama bodi yake. Bodi inatazama soda. Anapanda, anapakatishwa chano cha maandazi, anatulia. Honi zote za Tanga zinapiga vigelegele, nami ninapiga, huku nikilia kwa furaha na sijali nani ananiona.

Simu ikaniamsha. Kulikuwa kumepambazuka. Alikuwa Mhina, msimamizi wa karakana.

"Injinia, samahani. Umeamkaje?"

"Salama. Kuna nini?"

"Mabasi niliyafunga mwenyewe jana, na funguo nimelala nazo. Hayajatoka. Lakini nimeingia kufagia, nikagusa viti. Vyote vina joto, hadi vya nyuma kabisa. Kama watu wameshuka sasa hivi."

Nikakaa kitako kitandani.

"Funga madirisha, joto lisitoke," nikamwambia. "Mzee Semboja nampitia mwenyewe. Aje avikalie viti hivyo kabla ya mkutano."