Jani la Sale na Sura ya Tatu

Profesa wa Winfrida, ambaye hajawahi kupanda hata mgomba mmoja, alikwishaigawa nchi nzima: ukitaka kuandika mapepo nenda pwani, ukitaka mahari nenda kwa wafugaji, ukitaka mipaka ya ardhi nenda Kilimanjaro. Winfrida, mzaliwa wa Moshi mjini, akaona bahati imemwangukia. Babu yake Eliakim kule Mwika alikuwa na miaka tisa hasemi na jirani yake Thadeus, tangu ng'ombe wa babu alipokata kamba akamaliza maharage ya watu. Katikati ya vihamba vyao, mashamba ya ukoo, ulisimama mstari wa masale, mimea ya mpaka. Nadharia imejileta yenyewe! Sura ya tatu ya tasnifu yake ilitakiwa Ijumaa, na bila hiyo hahitimu.

Asubuhi akachuma jani la sale pale mpakani, apate kuonyesha anachouliza, akamfuata Thadeus kwenye shamba lake la kahawa. Msomi bwana, adabu zote: jani mikono miwili, kichwa chini.

"Shikamoo, babu."

Mzee alilitazama lile jani, akaliachia jembe, machozi yakaanza kumtoka. Hapo ndipo Winfrida alipokumbuka. Mlimani, anayekuletea sale amekuja kuomba msamaha, na sale halikataliwi.

"Eliakim ndiye aliyekutuma?"

Akisema hapana, ugomvi unabaki palepale na sura ya tatu inabaki nzima. Aliiwaza Ijumaa, tusimsingizie utakatifu. Lakini mzee alikuwa analia, naye Winfrida akaona aibu kutaka mtu abaki na kinyongo ili yeye ahitimu.

"Ndiyo, babu. Amenituma."

Thadeus akalipokea jani, akavuka mpaka kwa mwendo ambao magoti yake hayakuwa yameuafiki. Winfrida akamfuata roho mkononi, maana Eliakim hajui kitu na hana dogo. Wakamkuta uani akimkatia ng'ombe majani.

"Nimelipokea sale lako," Thadeus akasema.

Eliakim akalitazama jani. Akamtazama mjukuu wake, binti wa watu akatamani ardhi impasukie.

"Nilimtuma tangu mwaka ule ule," Eliakim akasema. "Ila watoto wa siku hizi, Thadeus, ukiwatuma wanachelewa njiani."