Moja Tuliyoiruka

Mama yangu mzazi hakuhesabu kitu bila kumtanguliza Mungu, nami nikarithi. Kikombe cha kwanza cha mchele hakikuitwa moja. Kiliitwa Kwa jina la Mungu. Kilichofuata ndicho kilichoitwa mbili, kisha tatu, mambo yakaendelea. Ndivyo nilivyopima unga na kuchota maji, na marehemu mume wangu alipoondoka nikaanza kushona vifungo vya mashati ili nipate kula, ndivyo nilivyohesabu vifungo pia. Haikunijia akilini kwamba kuna mtu ananisikiliza.

Aliyekuwa akisikiliza ni mjukuu wangu. Mwanangu, fundi wa kuchomelea vyuma, alimleta kwangu akiwa bado hajui kujifuta kamasi, wakati mimba ya pili ilipomlaza mkewe hospitali. Mdogo mtu akazaliwa, chumba chao huko mjini kikawabana, na huyu mkubwa akabaki nami. Majirani walimwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyopumzika. Mimi nilimwita mke mwenzangu. Akiulizwa mumewe yuko wapi, alionyesha picha ya babu yake ukutani na kusema, kwa adabu kabisa, kwamba mume wetu amepumzika.

Kazi tuliifanya dirishani, penye mwanga. Fundi cherehani wa mtaa wa pili aliniletea mashati yaliyokwisha kushonwa yote isipokuwa vifungo. Mimi nilishika sindano, Chiriku alishika kifuniko cha mkebe kilichojaa vifungo, akawa ananipa kimoja kimoja huku akitaja. Kwa jina la Mungu, mbili, tatu, nne, tano, hivyo ni vya kifuani. Sita na saba ni vya mikononi. Siku moja akataka tuanzie mikononi, eti aone. Tukaanzia mikononi, tukamalizia shingoni. Akashika shati kwa muda mrefu, akanitazama kama mtu aliyefanyiwa kiinimacho.

"Bibi, bado ni saba."

Nikamwambia ndivyo. Akaniomba tuanzie katikati. Shati lile lilichukua asubuhi nzima, na usiku wake, wakati namfunika shuka, bado alikuwa ananong'ona kwamba saba haijali.

Kuanzia hapo hakuna kilichosalimika. Alihesabu vipande vya sabuni, vigae vilivyovunjika bafuni, kikohozi cha jirani nyuma ya ukuta. Alihesabu na viatu vya mlangoni, akaniita nije haraka. Miguu ya nyumba hii ni minne, akasema, mbona viatu ni sita? Nikatazama. Vile viwili vilikuwa vya marehemu. Nilikuwa navifuta vumbi kila nilipofagia, bila kuwaza. Nikamjibu kwamba mwenye navyo havihitaji tena. Akafikiri kidogo, akavigeuza vikaangalia ukuta, ili, alisema, visihesabiwe.

Mwanangu alipiga simu siku ya mapumziko, baada ya ibada. Alikuwa na habari njema, nami niliisikia furaha sautini mwake kabla hajazitaja. Wamepata nyumba ya vyumba viwili. Shule ya jirani inaandikisha watoto wa darasa la kwanza. Angekuja kumchukua Chiriku mwisho wa mwezi. Nikasema Mungu ashukuriwe, na nilimaanisha, ila nilikuwa nimekaa chini bila kujua nimekaa saa ngapi.

Kulikuwa na jambo dogo tu, akasema. Watoto ni wengi, nafasi ni chache, na mwalimu mkuu humtaka kila mtoto ahesabu mwenyewe mpaka kumi. Asiyeweza anaambiwa arudi mwakani. Akaomba aongee na mwanawe. Chiriku akaishika simu kwa mikono yote miwili, akatoa sauti yake ya kanisani.

"Kwa jina la Mungu, mbili, tatu, nne..."

Akafika kumi bila kukwama.  Baba mtu akamwomba arudie. Akarudia vilevile. Mwanangu akacheka, kisha kicheko kikaisha.

"Mama," akaniambia, "moja iko wapi?"

Nikaeleza. Akakumbuka, maana naye alilelewa na vikombe vilevile, lakini yeye alikuwa na kaka zake wa kumrekebisha. Akasema mwalimu yule ni mtu wa haraka, hatasubiri maelezo. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayenipa zawadi asiyoitaka mwenyewe, kwamba ikishindikana si neno, mtoto atakaa nami mwaka mwingine.

Mwaka mwingine. Nilikata simu, nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Fundi cherehani alipokuja kuchukua mashati nilimsimulia, nikidhani nasimulia kichekesho. Alicheka mpaka akajifuta macho. Akasema sasa ameelewa, kumbe kifungo cha juu cha mashati yake ndicho kitakatifu, ndiyo maana wateja hawakifungi. Halafu akakiangalia kigoda cha Chiriku pale dirishani, akaacha kucheka.

"Nyamaza tu, mama," akasema. "Kwani utakuwa umedanganya? Hujasema kitu. Mtoto abaki."

"Nami nikibaki na mtoto kwa kunyamaza, nitamwambia nini Mungu?"

"Mungu anajua unaishi na nani humu ndani."

Akachukua mashati yake akaenda. Maneno yale niliyapika nayo, nikala nayo. Hakuna aliyenijua ndani ya nyumba ile isipokuwa yule mtoto. Nilipougua mafua yeye ndiye aliyeniuliza kama nimekunywa maji. Kabla hajaja niliwahi kukaa tangu ibada mpaka ibada sijasikia sauti yangu, na nilipoimba na wenzangu ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta. Nyamaza tu. Ni kitu kidogo, mtu hakioni. Nilisali, lakini nilikuwa najua jibu kabla sijasali, na ndiyo maana nilisali kwa uvivu.

Asubuhi nikamwita jikoni. Nikaweka sufuria na ndoo ya mchele, nikampa kikombe. Nikamwambia leo tunajifunza kuhesabu kama watu wa shule. Kikombe cha kwanza kinaitwa moja.

Akakataa. Moja anaijua, akasema, mtu mmoja, kiatu kimoja, hiyo si ya kuhesabia. Na Mungu je, tunamweka wapi? Nikamwambia Mungu anatangulia, sisi tunamfuata na moja. Akashika kikombe juu ya mchele, akawaza, na paji lake likakunjana kama la babu yake.

"Tukimtaja Mungu, kikombe kina nini?"

"Hakina kitu bado."

Akakiinua kikombe kitupu, akakichungulia ndani, akakielekeza dirishani. Kwa jina la Mungu, akasema. Kisha akakichovya, akakijaza, akakimimina. Moja. Akachota tena, maana tulipika vikombe viwili, changu na chake. Mbili. Akaangalia sufuria, akaangalia kikombe. Akataka kujua kama ile tupu nayo ni namba. Nilisoma mpaka darasa la saba na kuna mengi yamenitoka, ila sifuri sikuisahau. Nikamwambia ni namba, ina jina lake, shule watamfundisha. Akafurahi sana kwamba kuna namba ya kitu ambacho hakipo.

Tulirudia kwa vifungo, kwa viazi, kwa vidole. Alipenda kufumba ngumi kwanza, kimya, midomo ikitaja jina la Mungu bila sauti, ndipo kidole cha kwanza kinyooke. Mashati ya wiki ile yote yalihesabiwa hivyo. Sikumkosesha hata mara moja, na kila alipopatia nilimsifu, na kila nilipomsifu nilikazana na sindano.

Baba yake akaja. Chiriku alifungasha mwenyewe, akaniuliza nina vifungo vingapi vya ziada, akachukua kimoja chekundu. Mlangoni alivaa viatu vyake, akasimama akiangalia vilivyobaki. Nilijua anachofanya. Nikataka kumwita, kumwambia asihesabu, lakini alikuwa ameshamaliza.

"Vyako viwili na vya mume wetu viwili," akasema. Akainama, akavigeuza vya babu yake vikaangalia mlango. "Hivi sasa vihesabiwe, Bibi."

Nikamwambia haya, mke mwenzangu, nenda salama. Baba yake akamshika mkono. Nilisimama mpaka kona ikawameza, nikasimama tena baada ya hapo.

Simu ilipigwa siku ile walipotoka shule. Mwanangu alikuwa anapiga kelele za furaha. Mwalimu mkuu alimwona mtoto amefumba ngumi, kimya, akadhani hajui, akataka kuita mwingine. Chiriku akamwambia asubiri kidogo, bado ni tupu. Akahesabu mpaka kumi, akaendelea, mpaka mwalimu akamwomba aache. Ameandikwa. Nikasema Mungu ashukuriwe. Niliposema mara hii nilikuwa nimesimama.

Jioni nikaweka sufuria jikoni, nikafungua ndoo ya mchele. Nikakiinua kikombe kitupu kuelekea dirishani kama alivyotaka yeye. Kwa jina la Mungu. Nikachota, nikamimina.

"Moja," nikasema.

Umri wangu wote nilikuwa sijawahi kuitamka jikoni. Mkono ukarudi wenyewe ndooni, ukajaza tena, na kikombe kilikuwa kimeshainama juu ya sufuria nilipokizuia. Punje chache zilidondoka. Nikazirudisha zilizobaki taratibu, nikakung'uta kikombe, nikafunika ndoo, nikawasha jiko.