Mstari wa Kati

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu mshonaji Jumapili iliyopita, akinitungia uzi sindanoni, maana macho yangu siku hizi yananicheza shere.

Karakana yao hushona mikanda ya kujifungia mafundi wa umeme wakipanda nguzo. Kila mkanda hupigwa mistari mitatu ya uzi, na mshonaji humalizia nchani kwa uzi wa rangi yake. Yeye rangi yake ni kijani.

Wiki ile msimamizi aliandika ukutani kwa chaki: SITINI. Asiyefikisha sitini kwa siku, cherehani yake apewe mwingine. Mjukuu wangu, hata akijikaza kisabuni, alikuwa akifika arobaini na tano. Hofu ikamfundisha ubaya: mstari wa kati hufunikwa na kitambaa, nani atauona? Akauruka kwenye mikanda kumi na miwili. Jioni akafika sitini na mmoja, msimamizi akambandika jina, Injini.

Kesho yake kaka yake, fundi wa umeme, alikuwa anakunywa chai na mkanda mpya kiunoni.

“Tumeletewa jana usiku. Unang'aa kuliko kiatu cha bwana harusi.”

Nchani pana uzi wa kijani. Mjukuu wangu akauona, akageuka kuosha vikombe. Kaka akaenda zake.

Kazini alishona akiwaza nguzo, hata sindano ikavunjika. Hapo akainuka, akakimbia mtaa mzima, akamkuta kaka juu ya nguzo.

“Kaka, shuka. Kumbatia nguzo, mkanda usiuegemee.”

“Dada, umekuja kunikagua?”

“Nimekuomba, shuka.”

Kaka akaacha mzaha. Alishuka hatua kwa hatua. Mjukuu wangu akaufumua mkanda palepale barabarani. Mistari ilikuwa mitatu, mizima.

“Si mzima huu?” kaka akauliza. “Mbona unalia?”

“Basi ile kumi na miwili wameivaa kaka za watu.”

Alirudi kwa msimamizi, akasema yote. Msimamizi akapiga simu, mikanda ya uzi wa kijani irudishwe. Hadi adhuhuri ikapatikana kumi na mmoja. Wa kumi na mbili ulikuja alasiri, uzi umeanza kuachia.

“Utaifumua yote mwenyewe,” msimamizi akasema. “Cherehani tutaijadili baadaye.”

“Nikiifumua, nijipangie lengo langu?”

“Lipi?”

“Mkanda usitoke hapa kabla mimi mwenyewe sijaning'inia nao kwenye boriti.”

Msimamizi akautazama ule uzi ulioachia. Akachukua kitambaa, akafuta SITINI, pakabaki weupe wa chaki. Cherehani hakuigusa. Kesho yake mjukuu wangu alitoa thelathini na minane, na hakuna uliorudi.

Lakini jioni ya siku ile ya kukiri, hayo ya kesho alikuwa bado hajayajua. Kaka alilala mapema mkekani, mkanda uliofumuliwa kaufanya mto, anakoroma. Yeye akalala ubavu karibu naye, akihesabu pumzi zake moja moja. Hakufika sitini, usingizi ukamchukua.