Dole Gumba Ndani ya Gitaa

Mthamini wa magitaa alifungua chumba chake saa mbili na dakika tano. Alikung'uta kitambaa dirishani, akakitandika mezani, kisha akapanga vitu vyake: tochi ndogo, kioo chenye mpini mrefu kama cha daktari wa meno, kibweta cha wino, na kikombe cha chai ambacho asingekigusa mpaka kipoe. Wa kwanza kuingia alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni na gitaa kifuani.

"Wote wawili wa kuthaminiwa?" mthamini aliuliza.

"Wa mgongoni hauzwi. Anza na wa mbele."

Gitaa lilikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Mthamini aliligeuza taratibu, akipitisha tochi juu yake kama anayetafuta chawa. Vanishi ilikuwa ileile ya kwanza.

"Hapo umefanya vizuri," alisema. "Watu wanadhani kung'arisha ni kupandisha bei. Anayelipaka upya anajikatia nusu. Mkwaruzo si neno, uzee si neno. Uongo ndio hausameheki."

Skrubu za kukazia nyuzi zilikuwa za awali. Mbao za ubavuni zilitokana na mti ambao siku hizi haukatwi tena. Palikuwa na ufa mmoja, mfupi kuliko ukucha. Ndani, lebo ilikuwa bado imeshika, na juu yake saini ya Mwenye Karakana, marehemu, ambaye magitaa yake yaliuzwa kwa bei ya nyumba.

"Limebaki dole," mthamini alisema.

Kila mkusanyaji wa magitaa ya kale alilijua dole hilo. Chini ya ubao wa mbele hubandikwa vijiti vyembamba viitwavyo mbavu, vya kuuzuia usibonyee. Katika karakana ile gundi ya mbavu haikupakwa kwa brashi, ilikandamizwa kwa dole gumba, na alama ikakaukia humo. Lenye dole lilikuwa halisi. Lisilo na dole lilikuwa kuni. Vitabu vyote vilisema dole ni la Mwenye Karakana.

"Ni la mama yangu," mwanamke alisema. "Miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyepinda mbao, akachonga shingo, akabandika mbavu. Brashi alisema inamdanganya, haimwambii kama gundi imeshika. Mwenye Karakana alikuwa anakuja Ijumaa, anabandika lebo, anakwenda zake."

"Una ushahidi?" mthamini aliuliza, kama fomu ilivyomtaka.

"Yumo humo. Legeza nyuzi."

Mthamini alizilegeza. Baada ya dakika moja hivi, mkono wa mwanamke mtu mzima ulitoka kwenye tundu la gitaa hadi kwenye kiwiko, mkono wa gauni umekunjwa juu, gundi kavu kwenye kucha. Mama mwenyewe alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Mkono ulipapasa ukingo wa gitaa, ukaufikia ule ufa, ukaanza kuukanda. Mthamini alisogeza kikombe kisije kikapinduka.

"Shikamoo, mama."

Mkono uliinuka kidogo kuitikia, ukarudi kazini.

Mtoto alianza kulia. Mwanamke aligeuka, mkono ukanyooshwa, mtoto akakamata kidole cha shahada na kunyamaza. Huyo mjukuu alizaliwa bibi yake ameshazikwa, lakini kidole alikizoea.

Mwanamume aliyekuwa kwenye benchi la mlangoni, gitaa lake katika gunia, alichungulia ndani. "Dada, fanya haraka basi. Wengine magitaa yetu hayana mikono, ila sisi tuna kazi."

"Nami hii ni kazi, kaka. Kaa."

Akakaa.

Mthamini alifunua kibweta cha wino. Mkono ukachovya dole gumba na kuligandamiza kwenye karatasi bila kuelekezwa. Akaingiza kioo ndani ya gitaa, akalinganisha ubavu mmoja mmoja. Kovu lilelile lililopinda, mistari ileile.

"Yamelingana," alisema. "Mbavu zote saba. Hongera dada, ni halisi."

Akavuta fomu, na mbele ya neno *Mtengenezaji* akaandika jina la Mwenye Karakana.

Mwanamke aliweka kiganja juu ya fomu. "Umeona kwa macho yako."

"Nimeona. Ndiyo maana naandika."

"Andika jina la mama."

"Nikiandika la mama yako, hili ni gitaa la mtu asiyejulikana. Utamnunulia mtoto viatu, basi. Nikiandika la Mwenye Karakana, unajenga. Soko linanunua jina, dada. Mimi napima tu."

"Na hilo jina linathibitishwa na dole la nani?"

"La mama yako," mthamini alisema. "Hilo halina ubishi."

Mkono ulimchukulia kalamu vidoleni. Ukakata jina la Mwenye Karakana kwa mstari mmoja ulionyooka, ukaandika lake juu, jina lake na la baba yake, herufi kubwa zisizo na haraka. Mthamini alisubiri mpaka ukamaliza. Akashukuru, akaipeleka fomu kwenye trei ya zilizoharibika. Trei ilikuwa imejaa. Kila fomu ilikuwa imekatwa kwa mstari uleule na kuandikwa kwa mwandiko uleule.

Mwanamke alizitazama. "Kumbe mama hutoka na kwenye mengine?"

"Kila gitaa lake likiletwa. Hajakosa hata mara moja."

"Nipe hizo."

"Zimeharibika."

"Nipe hivyohivyo."

Mthamini alimpa, kwa sababu hakuna kanuni iliyokataza. Kisha akachukua fomu mpya na kuandika jina la Mwenye Karakana. Mwanamke alivuta kiti, akamfungua mtoto mgongoni, akampakata. Mkono ulikuwa umeshanyooshwa, unasubiri kalamu.